Siku Nzima Chini ya Misekwoya

Leo nataka tutembee. Twende polepole, kwa miguu, katika bonde moja lililo kaskazini ya jiji la San Francisco, jimboni California. Ukishavuka daraja la Golden Gate zimebaki kilomita kama 19 tu, barabara inakata kona baada ya kona juu ya vilima, kisha unashuka mahali penye ubaridi na kivuli kizito. Hapo ni Muir Woods, msitu wa misekwoya ya pwani, na hakuna aina nyingine ya mti duniani inayorefuka kuishinda.

Najua swali linalokuja. Inarefuka kiasi gani? Nitalijibu, maana halikwepeki, halafu nitakueleza kwa nini nisingependa uingie nalo msituni.

Msekwoya mrefu kuliko yote iliyokwisha kupimwa umepewa jina la Hyperion, nao unakaribia mita 116. Haupo Muir Woods. Uko kaskazini ya mbali, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Redwood, na uligunduliwa mwaka 2006. Wenye hifadhi hawakutangaza mahali ulipo. Habari zikavuja hata hivyo, picha zikasambaa mitandaoni, na watu wakaanza kumiminika. Hapakuwa na njia ya kufika huko, basi wakajikatia. Wakakanyaga makangaga mpaka yakaisha, wakashindilia udongo wa shinani, wakaacha taka na uchafu wao. Mwaka 2022 hifadhi ikapafunga kabisa: ukikamatwa pale unaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa hadi miezi sita. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mtu akisimama chini ya mti ule kilele hakioni. Matawi na miti jirani vinakiziba. Walisafiri mbali, wakauumiza mti, na kimo walichokifuata hawakukiona.

Udongo ule una maana kubwa, kwa sababu mizizi ya msekwoya haizami sana. Huenda chini mita 2, 3, pengine 4, lakini pembeni hutambaa hata mita 30, ikipishana na kushikana na mizizi ya jirani zake. Mti mzito kiasi hicho umesimama juu ya tabaka jembamba la ardhi. Mguu mmoja haudhuru. Miguu ya maelfu hukaza udongo hadi maji na hewa visipite. Ndiyo maana bondeni Muir Woods njia kuu sehemu nyingi imejengwa kwa mbao, imeinuliwa kidogo juu ya ardhi na kuwekewa kingo, na mgeni hatakiwi kutoka nje yake. Wapo wanaoona kwamba mbao zile zinauondolea msitu upori wake. Mimi nazipenda. Mtu asiyeangalia pa kukanyaga ana nafasi ya kuangalia vingine.

Haya, tuingie. Si mbali na lango kuna kipande cha gogo kilichokatwa mkato wa duara na kusimamishwa ili pete za umri zionekane. Mti huo ulichipua mwaka 909 na ukaanguka mwaka 1930. Wenye hifadhi wameweka alama juu ya baadhi ya pete: hapa Columbus anavuka bahari mwaka 1492, hapa Marekani inatangaza uhuru mwaka 1776. Nilisimama pale nikaanza kuhesabu kwa kalenda ya pwani yetu. Ibn Battuta aliposhuka Kilwa mwaka 1331, mti huu ulikuwa umepita miaka 400. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, ulikuwa unakaribia 600. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, Waomani wakawatoa mwaka 1698, na mti ungali ukiongeza pete, pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame. Kidole kinasogea kidogo tu juu ya ubao na karne nzima imekwisha. Ningemshauri mwalimu yeyote wa historia atafute gogo la mti mkongwe alete darasani.

Ukiondoka hapo unaufuata mto, kijito hasa, kiitwacho Redwood Creek. Kuna madaraja manne ya miguu, na kila daraja linakupa nafasi ya kuvuka na kurudi kwa upande wa pili. Watu wengi hurudi kwenye daraja la pili wakiwa wameshapiga picha za kutosha. Sisi tunaendelea, lakini kwanza tuinamishe macho.

Chini ya misekwoya, pembezoni mwa mbao, ardhi imefunikwa na mmea mdogo wa jamii ya oksalisi. Kila jani lake limegawanyika vipande vitatu vyenye umbo la moyo. Mmea huu umezoea giza. Unaishi kwa mwanga hafifu mno unaopenya kutoka juu. Sasa ngoja jua lipate upenyo kati ya vilele, mwale mmoja uangukie chini. Chuchumaa utazame. Vile vipande vitatu vinaanza kujikunja kuelekea kwenye kikonyo, vinashuka, na baada ya dakika chache jani zima limejifumba kujikinga na mwanga ulio mkali kwake. Mwale ukihama, linajifumbua tena. Umati unapita nyuma yako, watu wameinua simu kutafuta vilele, na jambo hili linatendeka karibu na viatu vyao.

Papo hapo chini unaweza kumwona koa wa rangi ya manjano, mrefu kama kiganja, pengine kuzidi. Anakula majani yaliyooza na uyoga, na anachotoa kinarudi kuwa mbolea. Ute wake una dawa ya asili inayotia ganzi mdomo wa mnyama anayejaribu kumla. Hana haraka yoyote, na hana sababu ya kuwa nayo.

Tuguse gome, kwa upole. Ni jekundu la hudhurungi, lina nyuzinyuzi, laini kuliko unavyotarajia, na kwenye mti mkubwa unene wake unaweza kufika sentimita 30. Limejaa tanini, ambayo wadudu na kuvu hawaipendi, na halina utomvu ule wa misonobari unaoshika moto upesi. Ndiyo maana utakuta misekwoya iliyounguzwa shinani, mingine imechimbika pango jeusi ambalo watu wazima kadhaa wanaweza kusimama ndani yake, na juu bado majani ni ya kijani. Moto ulipita, ukala moyo wa mti upande mmoja, na mti ukaendelea kuishi kwa sababu maji na chakula hupita kwenye tabaka za nje zilizobaki. Mwezi Agosti mwaka 2020 moto mkubwa uliteketeza Big Basin, hifadhi ya misekwoya iliyo kusini ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1902. Majengo yaliungua. Misekwoya mingi iligeuka nguzo nyeusi, kisha ikachipua majani mapya moja kwa moja kutoka kwenye shina lililoungua.

Uwezo huo wa kuchipua ndio siri yake kubwa. Msekwoya una mbegu, ndogo mno, za milimita chache tu, ndani ya koni isiyozidi sentimita 3, na chache sana kati ya mbegu hizo huwa miti. Njia ya uhakika zaidi ni shinani. Mti mama ukikatwa au kuanguka, machipukizi hutoka kuuzunguka, kama migomba inavyozunguka kisiki cha mgomba uliokwisha kuzaa. Miaka mia kadhaa baadaye kisiki kimeoza na kutoweka, imebaki duara ya miti mikubwa yenye nafasi tupu katikati. Ukizijua duara hizi utaziona kila mahali msituni.

Na maji je? Pwani ya California haina mvua kiangazi. Mvua huja kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, halafu miezi inapita mikavu. Jibu linatoka baharini. Maji ya Pasifiki kandokando ya California ni baridi hata mwezi Julai. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, na ukungu huo huingia mabondeni usiku na alfajiri. Majani membamba ya msekwoya huukinga, matone hukusanyika kwenye ncha, yakaanguka. Asubuhi ya kiangazi unaweza kutembea hapa bila tone la mvua kutoka angani na bado ukosi wa shati ukalowa. Mtafiti Todd Dawson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyapima maji haya na kukuta kwamba yanaweza kufika theluthi moja ya maji yote yanayoingia msituni kwa mwaka. Mengine hata hayafiki chini. Majani yenyewe huyanywa. Kwa mti wa kimo hiki hilo ni neema, maana kupandisha maji kutoka mzizini hadi kileleni ni kushindana na uzito wake hatua kwa hatua. Mwaka 2004 George Koch na wenzake walikadiria kwamba ushindani huo unaishia mahali fulani kati ya mita 122 na 130. Juu ya hapo majani hayapati maji ya kutosha kukua.

Ng'ambo ya kijito kuna kichaka kinachoitwa Bohemian Grove, chenye baadhi ya miti mirefu zaidi ya bonde hili. Mrefu kuliko yote Muir Woods una kama mita 79. Hapo msikilizaji wa Moshi, Marangu na Rombo atege sikio. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Andreas Hemp walitangaza mti waliopima katika bonde la mlima Kilimanjaro, wa jamii ya mikangazi, jina lake la kitaalamu Entandrophragma excelsum. Kimo chake ni mita 81.5. Ndio mti wa asili mrefu kuliko yote uliojulikana Afrika wakati huo, na unaipita kwa kimo misekwoya yote ya Muir Woods, ambayo watu wanavuka bahari kuja kuitazama. Nimewauliza watu wa Kilimanjaro wengi kama wanaujua. Bado sijampata anayeujua. Watafiti walisema miti hiyo imesalimika kwa sababu imejificha kwenye makorongo yasiyofikika kirahisi, na wakahimiza mabonde hayo yalindwe, kwa kuwa ukataji wa magendo haujaisha.

Makorongo yasiyofikika: hiyo ndiyo sababu ileile iliyoiokoa miti ya bonde hili. Kabla ya mwaka 1850 misekwoya ya kale ilifunika eneo linalokadiriwa kuwa hekta zaidi ya 800,000 kandokando ya pwani. Zikaja mbio za dhahabu za mwaka 1849, ikaja miji, na mbao za msekwoya haziozi upesi wala haziliwi na mchwa kirahisi. Leo imebaki kama asilimia 5 tu ya misitu ile ya kale. Bonde hili lilichelewa kukatwa kwa kuwa kuta zake ni kali na magogo yangekuwa shida kuyatoa. Wanawake wa klabu ya California Club walianza kampeni ya kuliokoa mwaka 1904. Mwaka uliofuata William Kent na mkewe Elizabeth Thacher Kent wakalinunua kwa dola 45,000. Mwaka 1907 kampuni ya maji ikaenda mahakamani kulitwaa, ikitaka kuziba mto na kulifanya bwawa. Kent akaizunguka: akaitoa sehemu ya bonde, hekta kama 120, kuwa zawadi kwa serikali kuu, na tarehe 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akaitangaza kuwa mali ya kumbukumbu ya taifa. Roosevelt alitaka paitwe kwa jina la Kent. Mwenyewe akakataa, akaomba paitwe kwa jina la John Muir, mwandishi na mpiganiaji wa mapori.

Ni kisa kizuri, na kinahitaji kusimuliwa na upande wake wa pili. Kent huyohuyo, alipoingia siasa, alipeleka bungeni mswada ulioanzisha idara ya hifadhi za taifa mwaka 1916, na alipigania pia siasa za kuwabagua wahamiaji kutoka Asia, hata kuwanyima haki ya kumiliki ardhi California. Na kabla ya ununuzi wowote, nchi hii ilikuwa ya Wamiwok wa Pwani, ambao hakuna aliyewauliza bei. Naheshimu alichokifanya Kent kwa miti. Sioni kwamba heshima hiyo inatudai tuyanyamazie mengine.

Kati ya daraja la tatu na la nne unafika Cathedral Grove. Kuna bango linaloomba ukimya, na ajabu ni kwamba watu wengi hutii. Hata watoto hunong'ona. Hapa tarehe 19 Mei 1945 walikusanyika wajumbe wa mataifa waliokuwa San Francisco kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Rais Franklin Roosevelt, aliyeitisha mkutano ule, alikuwa amefariki tarehe 12 Aprili, siku chache kabla haujafunguliwa. Wakaja kumkumbuka chini ya miti hii, na kibao cha kumbukumbu kipo mpaka leo.

Nilikaa hapo muda mrefu. Katika mkutano ule Afrika iliwakilishwa na nchi nne tu: Misri, Uhabeshi, Liberia na Afrika Kusini. Tanganyika haikuwa na mjumbe wake, wala Rwanda na Burundi, wala Kenya na Uganda. Lakini mkataba uliokamilishwa mwezi Juni mwaka huohuo ulikuwa na sura za udhamini, na chini ya sura hizo Tanganyika, na Ruanda-Urundi pia, zikawekwa chini ya Baraza la Udhamini. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza hilo New York, akiwa rais wa chama cha TANU, akadai kwamba nchi yake ipewe njia ya kujitawala. Mlango alioupitia uliandikwa na watu waliosimama hapa, wengi wao bila kumfikiria mtu kama yeye. Miti iliyowasikiliza ina miaka 600 hadi 800 kwa wastani.

Kwenye daraja la nne wengi hugeuka. Mwenye siku nzima apande njia ya Ben Johnson, inayoshika ubavu wa bonde upande wa magharibi, hapa ni udongo mtupu, mizizi na ngazi za hapa na pale. Msitu unabadilika, kelele za umati zinabaki chini, na kwa muda unatembea sambamba na vilele vya miti ambayo saa moja nyuma ilikushinda shingo. Juu unaikuta njia ya Dipsea, iliyobeba jina la mbio za milimani zinazokimbiwa tangu mwaka 1905. Ghafla uko nje, kwenye nyasi, jua usoni, na siku isiyo na ukungu unaiona Pasifiki. Wakimbiaji watakupita. Wapishe. Kisha njia inakushusha taratibu hadi ulikoanzia.

Wasikilizaji wetu mlio Marekani, mkitaka kwenda, jambo la kwanza ni hili: tangu Januari 2018 huwezi kufika na gari bila kuagiza nafasi ya kuegesha mapema, na hata basi dogo la kupeleka wageni linahitaji tiketi ya mapema. Wengine wanalalamika. Mimi nauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Zamani magari yaliegeshwa kando ya barabara kilomita nzima, na matope na mafuta yakaingia kijitoni. Kijito hicho ni njia ya samoni aina ya koho, samaki aliye hatarini kutoweka, anayerudi kutoka baharini majira ya mvua kutaga alikozaliwa na kisha kufa. Miaka ya 1930 kingo za kijito zilipangwa mawe ili zionekane nadhifu, maji yakaenda mbio, vifaranga wa samaki wakakosa mahali pa kutulia. Miaka ya karibuni hifadhi imeng'oa mawe mengi na kurudisha magogo majini, ili maji yapunguze kasi na vidimbwi virudi.

Simu haishiki mtandao bondeni, kwa hiyo hifadhi tiketi yako kabla hujashuka. Chukua sweta hata mwezi Julai. Nenda asubuhi mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Ukiwa na saa mbili tu, ishia daraja la tatu, vuka, urudi kwa upande wa pili. Ukipanda Ben Johnson, beba maji ya kunywa ya kutosha. Huko juu hakuna bomba.